UZI: Joto la injini ya dizeli botini, mshale ukishuka ghafla ndio uogope

NahodhaRufiji (mleta uzi)

Wakuu habari za majukumu. Nimeamua kuleta huu uzi maana kila nikipita gatini nakutana na jambo lile lile, boti ina injini ya dizeli ya maana, imekula hela ndefu, halafu geji ya joto imekufa au ipo ila hakuna anayeitazama, ukimuuliza nahodha injini yako ikiwa njiani inakaa digrii ngapi anakujibu "ipo katikati tu mkuu". Katikati ya nini? Geji moja katikati yake ni 70, nyingine 85, na kama injini yako inapoozwa na maji ya bahari moja kwa moja hiyo 85 ni msiba tayari.

Tuanze hapo maana ndipo wengi wanachanganya. Kuna injini zinazovuta maji ya chumvi na kuyapitisha kwenye bloku yenyewe, kisha yanatoka pamoja na moshi. Hizi zinatakiwa zikae chini, digrii 50 mpaka 60 basi, kwa sababu maji ya bahari yakizidi hapo yanaanza kuacha chokaa na chumvi kwenye njia zake, ule ukoko unazuia joto kutoka, joto linapanda, ukoko unazidi. Ndio maana zile injini ndogo za zamani za Yanmar, za mfululizo wa GM, ya maji ya chumvi thamostati yake (ile valvu inayofunguka yenyewe maji yakipata moto) inaanza kufunguka digrii 42 tu, wakati ya ndugu yake mwenye maji baridi (yasiyo ya chumvi) ndani inafunguka 71. Injini kwa kuitazama ni ileile, ukiweka thamostati ya huyu kwa yule umeiharibu.

Aina ya pili ni zenye kulanti (maji maalumu ya kupoozea) inayozunguka ndani ya bloku, na maji ya bahari yanapita pembeni kwenye hiti eksichenja, lile pipa lenye vibomba vingi vyembamba ndani. Hizi zinakaa 75 mpaka 90 hivi, na alamu nyingi zimewekwa kwenye 95 au juu yake kidogo.

Sasa kitu hasa kilichonileta. Geji ya joto ikiharibika kwa chumvi, mara nyingi inaharibika kwa kukutuliza roho. Sensa nyingi za joto zinafanya kazi kwa ukinzani, zikipata moto ukinzani unashuka. Zile za Ulaya aina ya VDO ya digrii 120, kwenye digrii 60 inasoma kama ohm 134, kwenye 80 kama 70, kwenye 100 kama 38. Geji haijui joto, inajua hizo ohm tu. Haya, waya pale kwenye kichwa cha sensa ushike kutu ya kijani, ukinzani umeongezeka, geji inatafsiri kuwa ni baridi. Waya ukatike kabisa, baridi kabisa. Athi ya bloku ilegee, baridi. Uharibifu karibu wote wa chumvi unaelekea upande mmoja, injini inaungua na mshale umelala.

Na kuna baya kuliko hilo. Kulanti ikivuja ikashuka, sensa inabaki juu kwenye hewa na mvuke, haiguswi tena na maji, basi mshale unashuka. Nimemshuhudia nahodha mzoefu kabisa kwenye mlango wa Mafia anasema "afadhali imepoa" huku injini imeshamaliza maji yake. Kwa hiyo resi ni ileile, bahari ni ileile, halafu mshale unashuka ghafla, usiseme imepoa, punguza resi hapohapo uende ukaangalie maji.

Dawa yake ni kutotegemea sehemu moja. Ukiwa na hela ya sensa moja ya kuongeza iweke kwenye bomba la moshi, pale baada ya kona ambapo maji ya bahari yanachanganyika na moshi. Maji yakikata pale, moshi mkavu wa dizeli inayovuta mzigo ni digrii 400 na kitu, na lile bomba la mpira linaanza kuungua ndani ya muda mfupi sana, wakati kulanti bado inajivuta taratibu kupanda maana bloku ni chuma kingi na maji yaliyomo ni mengi. Bomba likiwa sawa unaligusa kwa mkono unastahimili, wengi wanaweka alamu kwenye 75 hivi. Likiungua likatoboka ujue una moshi ndani, na pampu ikirudi kuvuta una maji ya bahari yanamwagika kwenye ngama. Hapo suala si injini tena, ni boti na watu waliomo.

Karibuni tujadili, wenye uzoefu wa ziwani na wa meli kubwa mje.

MtotoWaKilwa

Mkuu uzi murua. Swali langu, boti yetu ina injini ya lori ya silinda sita, fundi alitoa rejeta akafunga pampu inavuta maji ya bahari yanaingia bloku moja kwa moja. Thamostati alitoa akasema baharini haina kazi. Geji inasoma 40 muda wote hata tukikaza. Hii ni nzuri au mbaya? Maana haijawahi kuchemsha hata siku moja.

FundiWaGatini

Nimjibu huyu kabla mleta uzi hajaja. Sisi mafundi tunatoa thamostati kwa sababu zinagandana, ikiganda imefungwa injini inachemsha na lawama zinakuja kwetu. Boti haipandi mlima, maji ya kupooza yapo bahari nzima, sasa thamostati ya nini? Nimezifunga nyingi hivyo na zinatembea mpaka leo.

NahodhaRufiji

@FundiWaGatini nakuheshimu mkuu na najua mikono yenu ndiyo inayotupeleka na kuturudisha, ila kwenye hili nitabisha mpaka mwisho.

Dizeli inawasha mafuta kwa joto la kubana hewa, haina plagi. Silinda ikiwa ya baridi mafuta hayaungui yote, yale yasiyoungua yanashuka ukutani mwa silinda yanaosha oili, yanapita kwenye ringi yanaingia kwenye sampu. Chomoa dipstiki ya injini inayotembea na 40 uinuse, ina harufu ya dizeli na imekuwa nyepesi. Pili, dizeli ina salfa, ikiungua na kukutana na unyevu kwenye ukuta wa baridi inakuwa asidi, inakula silinda na ringi polepole. Tatu kaboni inajaa kwenye valvu na kwenye kona ya ekzosi, ile kona ikiziba maji hayapiti vizuri na moshi haupumui, mwisho wa siku injini iliyotolewa thamostati isichemshe inakuja kuchemsha kwa sababu hiyohiyo.

Halafu kuna injini ambazo thamostati yake ina valvu mbili, ya juu inafungua njia ya kwenda kwenye eksichenja na ya chini inafunga njia ya mkato. Hii ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, maji ya moto yanazunguka palepale kwenye bloku bila kupita kwenye eksichenja. Inachemsha na thamostati haipo, fundi anahangaika na pampu wiki nzima.

@MtotoWaKilwa injini yako haijawahi kuchemsha, kweli, lakini inakufa kwa upande wa pili. Inavuta oili? Asubuhi inatoa moshi mweupe muda mrefu ndio inatulia? Kama ndiyo basi umeshaona. Ila sikwambii urudishe ile thamostati ya lori ya 82, hapo ndipo @FundiWaGatini ana hoja, maji ya chumvi kwenye 82 yataziba bloku. Njia ya kweli ni kuweka eksichenja, ndani uzungushe maji baridi na kulanti, ndipo thamostati ya 82 irudi mahali pake. Wengine wanapitisha mabomba ya shaba nje chini ya boti, kulanti inapozwa na bahari bila pampu ya chumvi, inafaa sana kwenye maji ya kina kifupi yenye tope na mchanga kama huku kwetu delta. Kama hela haipo kwa sasa basi tafuta thamostati ya 50 au 55, bora hiyo kuliko tundu wazi.

Na suala la thamostati kugandana dawa yake ipo jikoni. Sufuria, maji, themometa, itundike kwa uzi isiguse chini, washa moto. Namba imegongwa kwenye thamostati yenyewe, ikifika hapo uione inaanza kufunguka, na digrii kumi na kitu mbele iwe imefunguka yote. Ukiipooza ifunge. Haifungi, tupa. Ni kazi ya muda wa kunywa chai.

FundiWaGatini

Hiyo ya valvu ya chini nakubali, nimewahi kukutana nayo kwenye injini fulani ilitusumbua sana hatukujua chanzo. Ila mkuu wateja wetu hawanunui thamostati, ukimwambia leta anasema funga hivyohivyo boti inaondoka alfajiri.

NahodhaRufiji

Hilo naliona, mwenye boti anataka safari. Ndio maana nataka wenye maboti wausome huu uzi, mafundi peke yao hawawezi kubeba.

ChifuInjiniaZnz

Assalaam alaykum. Niongeze kidogo kutoka upande wa meli. Kwenye chumba cha injini hatuangalii kuwa joto "lipo kawaida", tunaandika. Kila saa mwenye zamu anazunguka na daftari: joto la maji ya jaketi (yanayozunguka silinda) kuingia na kutoka, la oili, la maji ya bahari, na joto la moshi wa kila silinda peke yake. Ile namba moja pekee haikwambii kitu kikubwa, kinachosema ni tofauti. Silinda tano zina 380 na ya sita 430, basi hapo kuna nozeli au valvu, na ile geji ya maji haitakwambia kamwe. Au silinda moja imeshuka chini ya wenzake, hiyo haichomi mafuta yake sawasawa.

Boti ndogo haina haja ya yote hayo lakini daftari la shilingi mia tano linatosha. Andika tarehe, resi, joto la bahari, joto la kulanti, joto la bomba la moshi, presha ya oili. Soma wakati injini imeshakaa kwenye mwendo mmoja nusu saa, usisome ikiwa ndio kwanza imetoka gatini.

NahodhaRufiji

Chifu umenisaidia sana, hapo kwenye joto la bahari watu wanaruka. Mwezi wa 3 mwishoni mwa kaskazi maji ya pwani yetu yanakaribia digrii 30, mwezi wa 8 kwenye kusi yanashuka mpaka 25 hivi. Eksichenja inapooza kwa tofauti iliyopo kati ya kulanti na bahari, kwa hiyo iliyoanza kuziba itajificha kusi nzima halafu kaskazi inakuja kukuumbua ukiwa katikati na abiria. Ukiwa na daftari utaona, resi ileile 2,000, mwezi wa 8 ulikuwa 80, mwezi wa 3 uko 88. Digrii nne tano za bahari naweza kuzielewa, zinazobaki ni ukoko au impela (lile gurudumu la mpira lenye mbawa ndani ya pampu ya maji ya bahari).

Na mtindo wa kupanda kwake unakuonyesha pa kwenda. Ukitembea taratibu iko sawa, ukikaza inapanda na ukipunguza inarudi, hapo maji yanapita lakini hayatoshi au mzigo umezidi, anza na chujio, eksichenja na ile kona ya ekzosi, halafu zamia uangalie rafadha na chini ya boti, boti iliyoota magamba na majani inamtesa injini kuliko watu wanavyodhani. Ikipanda hata ukiwa sailensi, hapo ni pampu, mkanda, au thamostati imeganda. Ikipanda ghafla kutoka kawaida mpaka juu, fikiria kwanza mfuko umeziba tundu la kuvuta maji. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Tanzania bara 2019 lakini ya zamani na vifungashio bado vinaelea kibao, hasa mvua zikinyesha na mito ikaleta.

MashiniLamu

Habari zenu ndugu. Mimi niko Lamu, huku mashua nyingi ni mashini ya dizeli ya ndani. Nauliza kuhusu impela, makanika wangu aniambia ikichanika nibadilishe tu niendelee na safari. Yangu ilikatika mbawa mbili nikatia mpya, lakini joto halijarudi vile lilivyokuwa, limekaa juu kidogo tangu siku hiyo.

NahodhaRufiji

Ndugu yangu wa Lamu, zile mbawa mbili umeziona? Kama hukuzitoa kwa mkono wako basi zipo njiani. Zinasafiri na maji mpaka kwenye mdomo wa eksichenja zinalala pale juu ya vibomba, au kwenye kona yoyote kabla ya hapo. Fungua kifuniko cha eksichenja upande maji yanapoingilia. Utakuta vipande vya mpira, na mara nyingi na vipande vya zinki (kile kijiti kinachowekwa kiliwe na chumvi badala ya eksichenja) iliyolika vimekaa navyo. Kila impela inapovunjika hesabu mbawa, mpaka zitimie.

Ukifungua angalia na vibomba vyenyewe, pitisha mwanga. Vikiwa na ukoko mweupe lowesha na siki usiku kucha au asidi ya limau, utasikia inachemka chemka, suuza vizuri. Asidi kali ya betri usithubutu. Zinki ikiwa imelika nusu badilisha, usingoje iishe maana ikiisha zinaanza kuliwa kuta za eksichenja yenyewe, na hapo chumvi inaingia kwenye kulanti.

Impela mpya ipake gliserini au hata maji ya sabuni, grisi ya kawaida inaharibu mpira. Na hata kama haijachanika, ikishaanza kujikunja na kubaki imelala upande mmoja muda wake umeisha, watengenezaji wengi wanasema mwaka.

MashiniLamu

Vimepatikana viwili, kimoja kilikuwa kwenye kona ya bomba hata si kwenye eksichenja. Ahsante sana, Mungu akuzidishie.

MvuviWaKigoma

Wakuu huku Kigoma boti nyingi zinatumia hizi injini za Kichina za silinda moja, zile za kulala zenye tanki la maji juu, maji yanachemka yenyewe. Sasa hizi nazo zinapimwa vipi joto? Hazina geji wala sehemu ya kufunga sensa.

NahodhaRufiji

Swali zuri sana. Hizo zimetengenezwa zichemke. Maji yakigeuka mvuke yanabeba joto jingi mno, ndio upoozaji wake, kwa hiyo kuona moshi wa maji pale juu usishtuke. Geji yake ni lile boya jekundu, likiwa juu maji yapo, likishuka ongeza. Kinachoua hizi ni boya lililogandana au lililong'olewa, halafu mtu anaangalia mvuke, akiona umepungua anadhani imepoa kumbe maji yamekwisha. Unaona ni jambo lilelile la mshale kushuka.

La pili, maji ya Tanganyika yana madini mengi. Yanayotoka juu ni mvuke mtupu, madini yote yanabaki ndani, unaongeza tena maji ya ziwa, yanabaki tena. Kwa hiyo kuongeza tu hakutoshi, yamwage yote mara kwa mara uweke mapya, na maji ya mvua ukiyapata ndiyo bora kabisa. Usimwage injini ikiwa ya moto na usitie maji ya baridi kwenye tanki lililokauka, silinda inapasuka. Iache ipoe kwanza hata kama upepo unakupeleka, shusha nanga kama kina kinaruhusu.

Na hili ni kwa ndugu zetu wote wa maziwani, Kigoma, Mwanza, Goma na Bukavu. Maji yasiyobanwa na kifuniko cha presha yanachemka kulingana na mwinuko wa mahali. Tanganyika uko kama mita 770 juu ya bahari, yanachemka kwenye 97 hivi. Victoria mita 1,130 na kitu, 96. Kivu zaidi ya mita 1,400, ni 95 tu. Sasa mtu ananunua swichi ya alamu ya digrii 98 anaifunga kwenye mfumo ulio wazi Kivu, haitalia mpaka kiama maana maji yatachemka yaishe bila kufika 98. Nunua ya 90 au chini yake. Na kama injini yako ni ya kifuniko cha presha, mpira wa kifuniko ukiwa umechoka mfumo wako nao ni wazi, hesabu ni hiyohiyo.

MvuviWaKigoma

Hii ya mwinuko sijawahi kuisikia popote. Tunashukuru sana mkuu.

WayaNaSoda

Mimi ni mtu wa elektroniki, niweke mchango kwa wanaopenda kujitengenezea. Sensa ya DS18B20 ni ya bei ya chini inasoma mpaka digrii 125, unaweza kufunga nne tano kwenye waya mmoja wa data na rezista moja ya kilo-ohm 4.7, ukaunganisha na ESP32, kile kikompyuta kidogo cha kuzisoma. Moja weka kwenye bomba la maji ya bahari yanayoingia, moja yanapotoka eksichenja, moja kwenye bomba la mpira la ekzosi, moja kwenye gia boksi. Unaifunga juu ya bomba na tepu na spongi kidogo ya kuzuia upepo wa feni. Kwa ekzosi kavu usitumie hiyo itayeyuka, huko ni themokapo ya aina K (sensa ya waya wa metali mbili ya joto kali) na kibao kidogo cha MAX6675 cha kuisoma, hicho kinasoma mpaka 1,024. Kwa boti mpya zenye mtandao wa NMEA 2000 data ya injini ipo tayari, ni kuisoma tu. Muhimu ni king'ora, weka king'ora cha kelele za kweli, skrini peke yake hakuna atakayeiangalia kwenye mawimbi.

NahodhaRufiji

Umenena. Na waya mchovye mafuta mazito kwenye viungio, ukunje uning'inie kidogo kabla ya kuingia kwenye boksi ili maji yadondoke yasifuate waya ndani. Ila mwenye boti usitoe geji ya kawaida eti kwa sababu umeweka hii, ziwepo zote mbili, zisipokubaliana unajua moja inadanganya.

Wale wa bunduki ya kupimia joto kwa mwanga, ni kifaa kizuri sana cha kuzungukia injini, lakini ile ya kupimia watu homa haifai, inaishia 42 au 43. Na ya viwandani nayo ikielekezwa kwenye shaba inayong'aa au alumini inasoma chini sana, bandika tepu nyeusi au paka rangi nyeusi isiyong'aa pale unapopima, na pima palepale kila siku.

BintiWaPemba

Wapendwa mimi ni mwenye boti si fundi, boti inavua Mkoani, huku Pemba. Nimesoma uzi wote. Mshale wangu hausogei kabisa, uko chini tu, fundi anasema geji imekufa ninunue. Kuna njia ya kujua kabla sijatoa hela?

NahodhaRufiji

Ipo dada yangu, na huhitaji kifaa. Injini izimwe, swichi uiwashe, chomoa ule waya mmoja kwenye sensa, uguse kwenye chuma cha bloku kilicho safi sekunde moja mbili. Mshale ukipanda mpaka mwisho wa moto, basi geji nzima na waya mzima, ubovu ni sensa au athi yake. Usiposogea, ubovu ni waya au geji au umeme haufiki pale nyuma ya geji. Kama ni sensa, itoe (injini ikiwa ya baridi), iweke kwenye sufuria ya maji na mita ya ohm, moto ukipanda ohm ziwe zinashuka. Pemba uko usawa wa bahari, maji yakichemka ndiyo 100 yako.

BintiWaPemba

Nimefanya mbele ya fundi. Mshale umepanda wote. Sensa tumeichemsha ohm haziondoki pale zilipo hata maji yakichemka. Fundi mwenyewe kashangaa. Sasa ninunue sensa gani, dukani wananionyesha za aina mbili na wanasema zote sawa?

NahodhaRufiji

Hazipo sawa, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa. Za Ulaya na za Kimarekani zina ohm tofauti, ukifunga ya Kimarekani kwenye geji ya VDO inasogea vizuri kabisa na namba zote ni za uongo. Tazama nyuma ya geji au pembeni ya uso wake pameandikwa kampuni, na uone inaishia 120 au 150, sensa lazima iendane na hiyo. Chukua ya zamani uende nayo wafananishe na uzi wa kukazia. Uangalie pia kama ni ya waya mmoja au miwili, ya mmoja inachukua athi kupitia uzi wake kwenye bloku, kwa hiyo fundi asizungushe ile tepu nyeupe ya mabomba mara nyingi, akishakaza apime ohm kati ya mwili wa sensa na bloku, iwe karibu sifuri. Kabla ya kuifunga ichemshe nayo kwenye sufuria uandike ohm zake kwenye daftari, 60, 80 na 100, mwakani utazihitaji.